Mishono ya Kobe

"Treni inaondoka! Jamani, mbona hawajapiga hata honi?"

Aliyepiga kelele hizo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, amevaa gauni la bluu lililomkaa kama alizaliwa nalo. Alikuwa amesimama katikati ya behewa, mkono mmoja umeshika mkoba, mwingine umeshika bega la abiria asiyemjua. Dirishani, mabehewa ya treni ya jirani yalikuwa yanapita moja baada ya jingine, na aliamini kabisa kwamba ni treni yake inayokwenda.

"Dada," ilisikika sauti tulivu kutoka kwenye bega lile. "Sisi hatujaenda popote. Wanaoondoka ni wale. Angalia nguzo."

Akaangalia. Nguzo ya paa la stesheni ilikuwa pale pale nje ya dirisha, na tangazo lake la dawa ya meno, haijasogea hata unywele. Behewa zima likaangua kicheko. Mwanamke akaketi taratibu, uso umemwiva.

"Samahani kaka. Nimekukamata kama mwizi."

"Kamata tu. Siku hizi nani ananikamata?"

Akacheka bila kutaka, akamtazama vizuri. Mwanamume mrefu, mwembamba, nywele zimeanza kunyunyiziwa mvi pembeni. Shati jeupe lilikuwa limepigwa pasi kwa bidii, lakini kifungo cha tatu kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mweusi. Kifungo hicho kilimkera njia nzima.

Treni ilipofika kituo cha sita, wote wawili wakashuka. Walipopinda kwenye duka la vioo, wote wakapinda.

"Unanifuata?" mwanamke akauliza.

"Mimi nimetangulia hatua tatu. Anayefuata ni wewe."

Walipofika kwenye lango refu la chuma, mlinzi akamsalimu mwanamume kwa jina ambalo kila mtu alimwita pale: "Dereva, habari za asubuhi!" Kisha akamgeukia mwanamke. "Na wewe mama?"

"Ni siku yangu ya kwanza," akajibu. "Mimi ndiye mpimaji mpya."

Dereva akasimama, akamwangalia kutoka juu hadi chini, halafu akacheka mpaka akashika lango. "Mpimaji! Wewe uliyeshindwa kujua treni imesimama?"

*

Nyuma ya lango lile kulikuwa na kituo cha kuongoza kigari kidogo cha magurudumu sita kilichokuwa kinatambaa juu ya sayari ya Mirihi. Watu wa kituo walikiita Kobe, kwa mwendo wake na kwa shingo yake ndefu yenye kamera mbili juu. Dereva ndiye aliyeandika maagizo ya mwendo, akayatuma, akasubiri dakika kumi na mbili yafike na nyingine kumi na mbili jibu lirudi. Mwenyewe hakuwa na leseni ya gari la kawaida. Alijaribu mara mbili, mara zote akaanguka.

"Mwalimu wa udereva alisema napeleka gari kama nimebeba jeneza," alimweleza mpimaji mpya mezani, chakula cha mchana cha siku ya tatu. "Na wewe je? Unapimaje kitu ambacho hujawahi kukiona kwa macho?"

"Kobe anapiga picha, anatembea kidogo, anapiga nyingine. Mimi nachagua vijiwe kwenye picha ya kwanza, nikavichoma pini, yaani alama ya kompyuta. Halafu navitafuta vile vile kwenye picha ya pili. Kijiwe hakina miguu. Kikionekana kimesogea, aliyesogea ni Kobe. Kompyuta inapiga hesabu, lakini kuchagua kijiwe kizuri kunataka jicho."

"Na jicho ulilipata wapi?"

"Kwenye cherehani."

Akamsimulia. Alikuwa ameshona sare za shule miaka kumi na sita. Kisha siku moja, akiwa na miaka thelathini na tatu, aliingia darasa la jioni, akaketi kiti cha nyuma kati ya watu waliotosha kuwa wanawe, akaanza hesabu upya kutoka nusu na robo. Kabla ya kila mtihani alisali sala ile ile: *Ee Mungu, akili zangu si nyingi, lakini nina macho na nina subira. Vitumie.* Miaka sita baadaye alikuwa hapa, kwa majaribio ya miezi sita.

Dereva alishika kifungo cha shati lake. Halafu akasema, "Basi, Fundi, kama una sindano hapo mkobani, kuna kifungo kimenisumbua."

"Nilidhani hutaomba kamwe," akasema, na sindano ikatoka.

Jina la Fundi likamganda kuanzia siku hiyo. Na mapenzi, kama mvua ya taratibu, yakaanza kulowesha bila mtu kukimbilia kibarazani. Jioni simu iliita akitoka darasani, maana hata baada ya kupata kazi hakuacha kusoma.

"Fundi wa moyo wangu, umefika wapi?"

"Nimepita duka la viatu."

"Kwa kuhesabu hatua au kwa kuangalia nguzo?"

"Utaniacha lini na hiyo nguzo?"

"Siku nikizikwa. Umekula?"

"Bado. Na wewe usiniulize kama mama yangu."

"Mama yako nitamuuliza siku nyingine. Nina swali lake tofauti."

Shangazi yake Fundi, aliyekuwa anaishi naye na kusikiliza kila simu kupitia ukuta, alitoa hukumu yake mapema. "Mwanamume anayeendesha gari asilolipanda! Na siku ya harusi atakuja mwenyewe, au atatuma picha?"

*

Mwezi wa tatu, Kobe aliingia kwenye bonde la mchanga.

Ng'ambo ya bonde kulikuwa na mteremko wa mwamba uliotazama jua. Majira ya baridi ya Mirihi yalikuwa yanakaribia, na Kobe aliishi kwa jua. Akifika mteremkoni angeota jua mpaka joto lirudi. Asipofika, betri zingekufa. Njia ilikuwa moja: kupita bondeni, mkono wa kushoto kuna ufa mrefu ardhini uliofichwa na tuta la mchanga, mpaka ufa umalizike. Ukishamalizika, Kobe angekata kushoto na kupanda. Akikata mapema, angetumbukia.

Tatizo la mchanga ni kwamba hauna vijiwe. Siku ya kwanza bondeni, Fundi alitazama picha laini kama shuka iliyopigwa pasi, hakuna pa kuchoma pini. Mwishowe akaona doa jeusi lenye ncha kali. Akashukuru Mungu, akalichoma pini nane. Akapiga hesabu, akaandika taarifa: *Kobe amekwama. Umbali aliotembea leo: sifuri.*

Kituo kizima kilitoka mbio. Simu zikaita. Dereva akafika mezani kwake, akainama kwenye skrini, harufu ya sabuni ya shati ikamfikia kabla ya sauti.

"Fundi, mpenzi," akanong'ona, "inua mkono wako mbele ya taa."

Akauinua. Kivuli kikaanguka mezani.

"Sogeza mkono."

Kivuli kikasogea naye. Fundi akafumba macho. Lile doa lilikuwa kivuli cha shingo ya Kobe mwenyewe. Kinakwenda anakokwenda, kwa hiyo kwenye picha kinaonekana hakijasogea kabisa.

"Nimekufa," akasema.

"Hujafa. Hata mimi nilipoanza nilimwagiza arudi nyuma badala ya mbele, siku mbili nzima. Watasema wiki moja, watachoka."

Hawakuchoka. Kwenye lifti aliitwa Bi Kivuli. Na Mkuu wa kituo, mama wa makamo asiyepoteza neno, akatoa uamuzi: "Kwenye mchanga tuache picha. Tutahesabu mizunguko ya magurudumu." Kila mzunguko mmoja wa gurudumu la Kobe ulikuwa sentimita mia moja na sitini. Zidisha, basi.

Siku tano Kobe alitembea kwa hesabu hiyo. Siku ya tano magurudumu yalisema mita mia mbili. Kwa ramani, ufa ulikuwa umepitwa kwa mita ishirini. Kesho yake ingekuwa siku ya kukata kushoto. Wageni wakaalikwa, na Dereva akapiga simu sauti imejaa.

"Kesho mama yangu anakuja kuona Kobe akipanda. Na anakuja kukuona wewe."

"Kesho? Na mimi sina nguo!"

"Fundi cherehani hana nguo?"

"Kinyozi hajinyoi. Hebu kata simu nikatafute kitambaa."

*

Alfajiri, baada ya sala, Fundi alikaa kwenye cherehani ya zamani kumalizia pindo la gauni la rangi ya zambarau. Kitambaa kilikuwa cha hariri, chenye utelezi. Alikanyaga, sindano ikaimba, lakini alipokiinua kitambaa aliona mishono imebanana, midogo kama meno ya mtoto. Akajua sababu bila kufikiri: kitambaa kimeteleza chini ya mguu wa cherehani. Mashine imezunguka sawasawa, nguo haikwenda. Mshono ukiwa mfupi, kitambaa kimeteleza. Alikuwa amewafundisha wanagenzi wangapi neno hilo?

Mkono wake ukasimama hewani.

Gurudumu la mbele la Kobe lilikuwa na pengo dogo ukingoni. Kila linapozunguka mara moja, lilipiga kinundu kimoja mchangani. Fundi alikuwa amebandika picha ya kamera ya nyuma ukutani juu ya meza yake kwa sababu ilimpendeza: mistari miwili inarudi nyuma bondeni, na vinundu vyake vimepangika kama mshono wa koti.

Vimepangika karibu karibu mno.

"Shangazi!" akaita akivaa gauni huku pini bado ziko pindoni. "Niombee!"

"Kwa mwanamume huyo? Nilishaanza zamani!"

Kwenye treni alipiga simu ya Dereva mara sita. Iliita, haikupokelewa. Kisha akakumbuka: kwenye chumba cha maagizo simu huachwa kwenye droo mlangoni, na leo Dereva aliingia tangu saa kumi na moja. Alifika mezani kwake, akachukua utepe wake wa kupimia, akapima vinundu vya karibu kwa kulinganisha na upana kati ya magurudumu, ambao ulijulikana. Akapima tena. Na tena. Palipotakiwa sentimita mia moja na sitini, palikuwa na mia na ishirini. Robo ya safari ilikuwa imeliwa na mchanga. Kobe hakutembea mita mia mbili. Alitembea mia na hamsini. Ufa haujapitwa. Bado mita thelathini, na ufa uko mkono wa kushoto kabisa, kinywa wazi.

Akakimbilia ukumbini walikoalikwa wageni. Mlangoni akakutana na Dereva, shati jipya, uso unang'aa, amemshika mkono mama mfupi aliyevaa kijani kibichi na kitambaa cha kichwa kilichofungwa kwa ustadi.

"Mama, huyu ndiye."

"Ndiye huyu?" Mama akamshika Fundi mashavu yote mawili. "Mkunga nimestaafu lakini macho hayajastaafu. Mwanangu, mbona unahema? Na mbona una pini?"

"Shikamoo mama. Dereva, naomba neno moja, pembeni…"

"Baadaye, roho yangu, naitwa." Na kweli walikuwa wanamwita jukwaani. Akamwachia mama mkononi, akaenda.

Fundi akabaki ameshika mkono wa mama wa mtu. Mbele, Dereva aliweka kidole karibu na kitufe cha kutuma. Akinyamaza, Kobe atakufa. Akisema, atamvua nguo mwanamume anayempenda mbele ya mama yake, siku aliyomleta kumwonyesha. Na atakayesema ni Bi Kivuli. Nani atamsikiliza? *Ee Mungu,* alisali, *nina macho tu. Nipe na mdomo.*

"Simamisheni!" akapaza sauti. "Tafadhali. Usitume. Hatujafika."

Ukumbi ukageuka. Nyuma mtu akacheka: "Kivuli tena?"

Dereva alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto wake. "Fundi, magurudumu yanasema mita mia mbili."

"Magurudumu yamezunguka mita mia mbili. Kobe ametembea mia na hamsini. Amekuwa anateleza."

Mkuu wa kituo akainua mkono, kicheko kikakatika. "Ushahidi?"

Picha ya nyuma ikawekwa kwenye skrini kubwa. Fundi akapanda jukwaani na gauni lake la pini, akaonyesha vinundu kimoja kimoja, akaeleza habari ya cherehani na hariri. Alipomaliza, mkunga mstaafu alisikika kutoka safu ya tatu: "Mtoto hahesabiwi mpaka alie. Mwambieni aangalie kwanza!"

Mkuu akamgeukia Dereva. "Mwagize ainue shingo mpaka mwisho, atazame kushoto. Asisogee."

Dereva akaandika agizo hilo, taya limekaza. Dakika ishirini na nne hakuna aliyetoka nje. Kisha picha ikashuka, mstari kwa mstari: anga, ng'ambo, mchanga. Na nyuma ya tuta, mita nane tu kutoka kwenye gurudumu, weusi mrefu usio na mwisho.

Hakuna aliyepiga makofi. Walivuta pumzi kwa pamoja, kama watu waliovutwa kola ukingoni mwa kisima.

Walikutana koridoni. Fundi alimkimbilia. "Mpenzi…"

"Mbele ya mama yangu, Fundi?" Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele. "Hukuona pengine pa kunisema? Ulinipima ukaona nimepungua, ukangoja watu wajae?"

"Nilikup…"

Lakini alikuwa ameshapinda kona.

*

Siku ya kwanza hakupiga. Siku ya pili hakupiga. Siku ya tatu Fundi alisikia mezani kwamba Dereva ameomba kuhamia zamu ya asubuhi, wakati yeye yuko ya mchana. Mkuu alimwita ofisini, akararua karatasi ya majaribio, akampa ya kudumu, na watu kwenye lifti wakaacha kumwita Bi Kivuli. Alishukuru Mungu kwa magoti yote mawili. Kisha akalia, maana mtu wa kwanza aliyetaka kumwambia alikuwa yule asiyepokea.

"Mtafute," akasema shangazi.

"Aliyeondoka ni yeye."

"Una hakika? Si wewe uliyeniambia habari za treni?"

Siku ya tano simu iliita, namba ngeni.

"Ni mimi, mkunga. Mwanangu, unakula?"

"Nakula, mama. Nisamehe kwa siku ile."

"Nikusamehe nini? Uliokoa mtoto aliyetanguliza miguu. Nimekupigia kwa ajili ya huyu wangu. Umemwona?"

"Amenikasirikia, mama."

"Nani kakudanganya? Jioni ile ile alifungua droo, akakuta simu zako sita. Tangu hapo anakaa jikoni kwangu kama gunia. Huyo hajakasirika, ameaibika. Hasira na aibu ni mapacha, mwanangu. Mimi nimezalisha mapacha miaka thelathini, na hata mama mzazi huwachanganya."

Fundi akaketi. "Sasa mbona hasemi?"

"Kwa sababu hana hata neno moja linalotosha. Mimi nimemwambia, kama mdomo umekufa, tumia mkono."

Mezani pa kupokezana zamu kulikuwa na daftari kubwa. Zamu ya asubuhi iliandika umbali kwa magurudumu, zamu ya mchana ikaandika umbali kwa picha, na pembeni palikuwa na safu ya maelezo ambayo kwa kawaida ilibaki tupu. Kesho yake, Fundi alipofungua, alikuta mwandiko anaoujua.

*Magurudumu: mita 12. Maelezo: Magurudumu yana mdomo mrefu. Nangoja Fundi.*

Akasoma mara tatu. Kisha akaketi, akapima vinundu, akaandika chini yake: *Picha: mita 9. Maelezo: Magurudumu hayakukusudia kudanganya. Yaliteleza.*

Siku iliyofuata: *Magurudumu: mita 14. Maelezo: Hata yakiteleza, yangepokea simu. Nisamehe.*

Kalamu yake ilisita. Wasaa wa sala moja fupi. *Picha: mita 11. Maelezo: Nimeshasamehe tangu mstari wa kwanza. Nilikuwa napima tu kama umesogea kweli.*

*Magurudumu: mita 15. Maelezo: Nimesogea. Angalia nguzo.*

Hapo Fundi alicheka peke yake, na wapimaji wa meza ya pili wakamwangalia kama mtu aliyepandwa na kitu. Simu hawakupigiana. Ilikuwa kama wameweka nadhiri bila kuambizana: mpaka Kobe afike. Siku kumi na nne, Dereva alimwondoa Kobe karibu na tuta, akampeleka mbele kwa vipande vifupi, na kila kipande Fundi alikihesabu kwa mishono yake. Polepole mchanga ukaanza kuisha, vijiwe vikarudi, na nambari mbili za daftari zikasogeleana: kumi na tisa kwa kumi na saba, ishirini na moja kwa ishirini. Siku moja zikalingana. Chini yake hakuna aliyeandika neno. Palikuwa na kifungo cheupe, Dereva amekishona kwenye karatasi kwa uzi mweusi.

*

Ufa ulikuwa umeshapitwa tangu siku za mwanzo, na Kobe alikuwa amekata kushoto kupanda. Siku ya kufika, Mkuu aliziita zamu zote mbili, na ukumbi ukajaa kuliko mara ya kwanza. Mkunga alikuja na kijani chake kile kile. Safari hii shangazi alikaa kando yake, na wawili hao walikuwa wameshakuwa marafiki kabla ya viti kupata joto.

"Ndiye yule mwembamba?" shangazi akauliza.

"Ndiye. Atanenepa akioa."

Dereva alishika maikrofoni. Alikuwa amekonda kidogo, na shati lilikuwa na kola iliyokaa vizuri. Akatazama nambari mbele yake. "Mabibi na mabwana, magurudumu yanasema tumefika mwambani." Mikono ikainuka kupiga makofi. Akaizuia. "Siku ile nilisimama hapa nikawaambia hivyo hivyo, na nilikosea. Aliyeniokoa, nilimwacha koridoni na neno mdomoni. Mama yangu alikuwepo, kwa hiyo na hili alisikie: leo sisemi tumefika mpaka Fundi aseme."

Macho yote yakamgeukia. Fundi alikuwa kwenye meza yake ya pembeni, gauni la zambarau, pindo limemalizwa. Picha mbili zikafunguka. Vijiwe vilikuwa tele sasa, vyenye pembe kali, kama Mungu amevimwaga kwa ajili yake. Akachoma pini arobaini. Akakagua kila moja kwamba si kivuli. Akapiga hesabu.

"Bado," akasema. "Mita nne."

"Mita nne," Dereva akarudia, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alimtazama machoni akatabasamu. "Natuma mita nne."

Akabonyeza. Dakika kumi na mbili kwenda. Dakika kumi na mbili kurudi. Mtu mmoja akaanza kuimba kwa chini, wengine wakadakia, mkunga akapiga makofi ya kufuatisha. Kisha skrini ikawaka. Magurudumu sita yalikuwa juu ya mwamba mweupe ulio bapa, hakuna hata moja mchangani, na mgongo wa Kobe uling'aa kwa jua toka ncha hadi ncha. Nambari ya betri ikapanda. Ikapanda tena.

Fundi akapima mara ya mwisho. Akasimama.

"Tumefika!"

Paa halikuondoka, lakini lilifikiria. Watu walirukiana, mlinzi wa lango akajikuta amembeba Mkuu wa kituo, na shangazi alipiga kigelegele kilichoziba masikio ya safu mbili. Katikati ya vurugu hiyo Dereva alikuja kwa mwendo wake ule wa jeneza, akasimama mbele yake.

"Kesho," akasema, "treni ya saa moja na robo. Behewa lile lile."

"Behewa la nani?"

"La mtu aliyenikamata bega."

*

Kesho yake stesheni ilikuwa imejaa vile vile. Walikaa wakitazamana, magoti yanakaribia kugusana. Nje ya dirisha treni ya jirani ikaanza kwenda.

"Treni inaondoka!" Dereva akapiga kelele, ameinuka na kumkamata bega. "Jamani, hata honi!"

"Kaa chini, mjinga wewe," Fundi akasema akicheka. "Angalia nguzo."

Hakuangalia nguzo. Alibaki amesimama vile vile, abiria wanatazama, na mkono haukuondoka begani. "Fundi. Mama yako nilisema nina swali lake. Jana nilimpigia, akasema niulize kwanza anayehusika. Mimi ni mtu wa polepole. Nikiteleza nahitaji mtu wa kuniambia ukweli, hata mbele za watu. Unioe… hapana, nimekosea. Nikuoe?"

Bibi mmoja mwenye kikapu akasema, "Jibu, mwanangu, wengine tunashuka karibu."

Fundi alifungua mkoba, akatoa utepe wake wa kupimia, akasimama.

"Nyoosha mikono," akasema.

"Unafanya nini?"

"Nakupima. Nyoosha, usinicheleweshe." Akapitisha utepe begani, akasoma. Akashuka nao mkononi, akasoma. Akauzungusha kifuani, na hapo akausikia moyo wake unavyopiga chini ya vidole.

"Mbele ya watu tena?" Dereva akanong'ona. "Na umeniona nimepungua?"

"Hujapungua hata kidogo." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini mkono ulishika utepe sawasawa. "Suti ya harusi siwezi kukata kwa kukisia. Simama wima."

Behewa likalipuka kwa vifijo. Nje ya dirisha, taratibu, nguzo yenye tangazo la dawa ya meno ikaanza kusogea nyuma.